Usiitupe kalenda ya duka, yaweza kuokoa maisha nyumbani kwako

KILA mwaka unapokaribia kwisha, wenye maduka, vituo vya petroli, vyama vya akiba na mikopo, makanisa na hata wanasiasa huwagawia watu kalenda za kuangika ukutani. Wengi wetu huzipokea kwa furaha, tukazitundika sebuleni, na tangu siku hiyo kazi yake huwa ni kuficha ufa wa ukuta au kutuonyesha Krismasi itaangukia siku gani. Mwezi wa Aprili unafika na hakuna aliyekumbuka kufunua ukurasa wa Februari.

Mpenzi msomaji, karatasi hiyo ina kazi kubwa zaidi. Matibabu mengi ya siku hizi hayategemei dawa peke yake. Yanategemea dawa na tarehe. Chanjo ina tarehe yake, tembe za presha zina siku zitakapokwisha, sindano ya kupanga uzazi ina wiki yake, na mja mzito ana siku za kuonwa na mkunga. Mgonjwa akipewa dawa nzuri kabisa kisha akakosa tarehe, dawa hiyo haimfai sana.

Anza na kadi yako ya kliniki. Itoe hapo ilipo na uitazame. Pengine utaona herufi TCA zikifuatwa na nambari. Huo ni mkato wa maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba urudi tena. Ikiwa mbele ya herufi hizo pameandikwa tarehe kamili, hakuna shida. Lakini madaktari na wauguzi wana mikato yao wenyewe, na hapo ndipo wengi hupotea. Ukiona 2/52, hiyo si tarehe. Maana yake ni wiki 2, kwa kuwa mwaka una wiki 52. Vivyo hivyo 3/12 si tarehe 3 Desemba, bali ni miezi 3, kwa kuwa mwaka una miezi 12. Na 5/7 ni siku 5, kwa sababu wiki ina siku 7, wala si tarehe 5 Julai.

Sasa fikiria mama mwenye shinikizo la damu aliyeandikiwa 1/12 mwezi wa Agosti. Daktari anataka kumwona Septemba. Mama naye anaenda nyumbani akijua kwamba siku yake ni tarehe 1 Desemba. Tembe alizopewa ni za mwezi mmoja. Zinapokwisha anasema moyoni kwamba daktari lazima alikuwa na sababu yake, na kwa kuwa hasikii maumivu yoyote, anangoja. Miezi 3 inapita bila dawa na bila kupimwa. Hapa hakuna aliyekuwa mvivu wala mjinga. Mmoja aliandika kwa lugha ya kazini kwake, na mwingine akasoma kwa lugha ya kila mtu.

Kwa hivyo, kabla hujaondoka mbele ya muuguzi, mwulize: "Ni siku gani, na tarehe ngapi?" Uliza yote mawili. Akikuambia Jumanne tarehe 14, nawe ukifika kwenye kalenda ukute tarehe 14 ni Jumatano, utajua papo hapo kwamba kuna kosa na utarudi kuuliza mapema. Saa nayo ina mtego wake. Ikiwa kadi inasema 8:00 pamoja na herufi za asubuhi, hiyo ni saa 2 asubuhi kwa Kiswahili. Wapo waliofika saa 8 mchana na kukuta maabara imekwisha kupokea damu ya siku hiyo.

Ukiisha kupata siku na tarehe, usiiache ndani ya kadi. Kadi hukaa mkobani au chini ya godoro, na hakuna anayeiona mpaka siku inapopita. Ihamishie ukutani siku hiyo hiyo.

WIKI SI MWEZI

Wazazi wa watoto wachanga ndio wanaoihitaji kalenda kuliko mtu mwingine yeyote. Ratiba ya chanjo nchini Kenya huanza mtoto anapozaliwa, kwa BCG ya kumkinga na aina kali za kifua kikuu na matone ya kwanza ya polio. Kisha mtoto hurudishwa akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Katika ziara hizo hupewa kinga dhidi ya polio, dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B, viini vinavyoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo, pamoja na kuhara kunakosababishwa na rotavirusi. Anapofika miezi 6 huanza kupewa vitamini A, ambayo hurudiwa kila baada ya miezi 6 mpaka akaribie miaka 5. Chanjo ya ukambi na rubela ni ya miezi 9, na dozi ya pili ni ya miezi 18.

Tatizo la kwanza ni hesabu. Watu wengi wakisikia wiki 6 husema ni mwezi mmoja na nusu, na wiki 10 wakasema ni miezi miwili na nusu. Sivyo. Wiki 6 ni siku 42, na mwezi mmoja na nusu ni siku 45 au 46. Wiki 14 ni siku 98, ambazo hukaribia miezi 3 na zaidi kidogo. Ukihesabu kwa miezi utakuwa unateleza mbele kila mara, na kituo cha afya kilicho na siku maalum ya chanjo kwa wiki kitakuambia uje wiki ijayo.

Kalenda ya ukutani huondoa hesabu hii yote. Weka kidole juu ya siku aliyozaliwa mtoto. Usiihesabu siku hiyo. Shuka chini katika safu ile ile, hatua moja kwa kila wiki. Ikiwa alizaliwa Jumanne, basi wiki 6, 10 na 14 zote zitaangukia Jumanne. Chukua mtoto aliyezaliwa Jumanne tarehe 6 Januari 2026. Wiki 6 zinatimia Jumanne tarehe 17 Februari, wiki 10 ni Jumanne tarehe 17 Machi, na wiki 14 ni Jumanne tarehe 14 Aprili.

Kuna mahali pamoja pa kuangalia sana. Mwezi ukiishia katikati ya wiki, mstari wa mwisho wa mwezi huo na mstari wa kwanza wa mwezi unaofuata huwa ni wiki moja iliyokatwa vipande viwili. Anayehesabu mistari huihesabu wiki hiyo mara mbili na kukosea kwa siku 7. Wewe hesabu Jumanne zenyewe, usihesabu mistari.

Tatizo la pili ni kubwa zaidi, nalo ni kusahau. Katika wiki 14 za kwanza mzazi huwa macho. Mtoto ni mchanga, majirani wanauliza, na ziara zinafuatana baada ya wiki 4 tu. Halafu huja kimya kirefu. Miezi 9 hukumbukwa na wengi. Lakini miezi 18? Wakati huo mtoto anakimbia uani, mama amerudi kazini au ana mimba nyingine, na kijitabu cha kliniki kimechanika jalada. Ndiyo sababu watoto wanaopata dozi ya pili ya ukambi ni wachache kuliko wale wanaopata ya kwanza. Katika maeneo ya magharibi mwa nchi yenye malaria nyingi, ambako chanjo ya malaria ilianza kutolewa Septemba 2019, dozi 3 za kwanza hutolewa mtoto akiwa na miezi 6, 7 na 9. Ya nne huja baadaye sana, mtoto akiwa tayari anatembea na kusema. Bila tarehe iliyoandikwa mahali, ni rahisi mno dozi hiyo kupotea.

Na ikiwa umechelewa? Nenda vivyo hivyo. Wako wazazi wanaoogopa kukemewa, au wanaodhani mtoto ataanzishwa upya tangu mwanzo, kwa hivyo hukaa nyumbani. Mtoto haanzi upya. Dozi alizopata zinahesabika, na ataendelea kutoka pale alipoachia. Mwaka 2017 wauguzi wa hospitali za umma walipogoma kwa takriban miezi 5, watoto wengi walikosa chanjo pasipo kosa la wazazi wao. Aliyekuwa ameandika tarehe zilizopita na akazitia alama kwamba hazikutimizwa alijua, siku milango ilipofunguliwa, ni nini hasa anachokwenda kuomba.

SIKU 29 ZISIZO NA DAWA

Sasa tuje kwa watu wazima, hasa wewe unayemeza tembe za shinikizo la damu au kisukari kila siku. Tazama pakiti yako. Dawa nyingi za aina hii hufungwa tembe 28 au tembe 30 kwa pakiti. Mwezi wa kalenda, isipokuwa Februari, una siku 30 au 31.

Tuseme pakiti yako ina tembe 28 na unameza moja kila siku, na una mazoea ya kununua nyingine kila tarehe 1, kwa kuwa ndipo mshahara unapoingia. Ukianza tarehe 1 Januari, tembe ya mwisho utaimeza tarehe 28. Tarehe 29, 30 na 31 huna dawa. Siku 3 tu, utasema. Lakini fanya hesabu ya mwaka mzima. Pakiti 12 za tembe 28 ni tembe 336. Mwaka una siku 365. Umekaa siku 29 bila dawa, karibu mwezi mzima, na bado unaamini kwamba hujawahi kukosa. Hata pakiti ya tembe 30 hukuacha na upungufu wa siku 5.

Mwenye pakiti za 28 anahitaji pakiti 13 kwa mwaka, si 12. Hiyo pakiti ya 13 haiandikwi popote. Utaigundua tu ukiwa na kalenda. Siku unapofungua pakiti mpya, hesabu wiki 4 kushuka chini na utie duara siku ya mwisho. Kisha rudi nyuma wiki moja na utie alama nyingine: hiyo ndiyo siku ya kutafuta pesa na kwenda duka la dawa. Wiki hiyo moja ya akiba ni muhimu, maana dawa huweza kukosekana dukani, au karo ya shule ikawa imemeza kila shilingi.

Shinikizo la damu ni ugonjwa mnyamavu. Usipomeza tembe siku 3 huenda usisikie kitu, na kutosikia kitu ndiko kunakowadanganya wengi. Mishipa ya damu nayo haina habari kwamba mshahara umechelewa. Wengine huanguka kwa kiharusi wakiwa na pakiti iliyoisha juu ya kabati.

Ukipimwa, andika nambari zote mbili katika kisanduku cha siku hiyo, kwa mfano 138/86. Vipimo vya mwaka mzima vikiwa mbele yake, daktari ataona kama dawa inafanya kazi au la. Kipimo kimoja cha siku moja, baada ya kupanda ngazi na kupanga foleni, hakimwambii mengi. Kwa jumla, ukiona 140/90 au zaidi mara kwa mara, usingoje tarehe yako.

Wanaotumia insulini wana jambo la ziada. Chupa ikishafunguliwa na kuwekwa nje ya friji, nyingi ya dawa hizi hutumika kwa takriban wiki 4 tu, hata ikiwa umeihifadhi vizuri ndani ya chungu chenye maji kama wafanyavyo wengi mashambani. Soma karatasi ya dawa yako, kisha uandike ukutani siku uliyoifungua. Dawa ya matone ya macho nayo ni hivyo hivyo. Zile chupa za mwaka jana unazomtilia mtoto machoni hazifai.

SIKU YA SIFURI

Kuna hesabu moja ya tarehe ambayo kuikosea ni hatari kuu. Mbwa akikuuma, jambo la kwanza ni kuosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu ukimbilie hospitali. Kichaa cha mbwa kikisha kuonyesha dalili hakina tiba, na mgonjwa karibu kila mara hufa. Chanjo huzuia, lakini haitolewi mara moja ikatosha. Ratiba inayotumika sana nchini ni siku 0, 3, 7, 14 na 28.

Wengi hukosea hapo kwa 0. Siku ya sindano ya kwanza ndiyo siku ya sifuri. Ukidungwa tarehe 2, basi nyingine ni tarehe 5, 9, 16 na 30. Ziandike zote 5 siku hiyo hiyo, ukiwa bado na hofu. Baada ya sindano ya pili kidonda huwa kimeanza kupona, nauli imeanza kuuma kuliko mbwa, na mtu hujiambia kwamba aliye na bahati ni yeye. Ratiba ya hospitali yako ikiwa tofauti, fuata ya hospitali.

Mgonjwa wa kifua kikuu naye huponyeka kwa tarehe. Matibabu ya kawaida ni miezi 6: miezi 2 ya kwanza kwa dawa za aina 4 zilizochanganywa ndani ya tembe moja, na miezi 4 kwa dawa za aina 2. Baada ya wiki chache kikohozi hupungua, hamu ya chakula hurudi, na mkojo wenye rangi ya machungwa unaoletwa na dawa hauogopeshi tena. Hapo ndipo watu huacha. Viini vilivyobaki hujifunza kuishindana dawa, na matibabu ya kifua kikuu sugu ni marefu na mazito zaidi. Katika jamii nyingine mtu mmoja nyumbani hupewa kazi ya kumwangalia mgonjwa akimeza na kutia alama kwenye kalenda. Ni kazi inayomfaa mtoto wa darasa la sita hivi, ambaye hupenda sana kuwasimamia wakubwa. Makohozi hupimwa tena katika miezi ya 2, 5 na 6. Zitie tarehe hizo mapema.

Mja mzito ahesabu kutoka siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho. Ongeza siku 7, kisha ongeza miezi 9. Ikiwa hedhi ilianza tarehe 10 Machi, tarajia mtoto kiasi cha tarehe 17 Desemba. Nimesema kiasi, kwa maana ni mama mmoja tu hivi kati ya 20 anayejifungua siku ile ile iliyotajwa. Mtoto anayezaliwa kati ya wiki 37 na 42 hajawahi wala hajachelewa kupita kiasi, lakini ukipita wiki 41 bila uchungu nenda ukaonwe. Kwa hivyo usitie duara siku moja. Piga mstari chini ya wiki hizo 5 zote, na kabla ya mstari huo kuanza uwe umepanga gari, pesa, nguo za mtoto na mtu wa kubaki na watoto wengine. Shirika la Afya Duniani, WHO, tangu 2016 linapendekeza mama aonwe mara 8 wakati wa mimba, ya kwanza ikiwa kabla ya wiki 12 kupita. Ni mama gani aliyewahi kukumbuka hesabu hiyo bila kujua hedhi yake ilianza lini? Kwa sababu hiyo ni vyema kila mwanamke atie nukta ndogo siku hiyo kila mwezi, awe anatarajia mimba au hatarajii.

Waislamu wanaofunga wakiwa na kisukari waangalie kalenda yenye miezi ya Kiislamu. Ramadhani hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka, na inafaa kumwona daktari wiki 6 hadi 8 kabla ya mfungo ili apange upya saa za dawa, au aseme wazi kwamba mwaka huu kufunga kutakudhuru.

"MARA KWA MARA"

Daktari akikuuliza kifafa kimemwangusha mtoto mara ngapi tangu mwezi uliopita, utamjibu nini? Wengi hujibu, "Mara kwa mara." Jibu hilo halimsaidii kuamua kama aongeze dawa. Lakini ukitia alama ya X kila mara mtoto anapoanguka, ukaibandua karatasi ya mwezi huo na kwenda nayo, ataona mwenyewe. Mwenye pumu na afanye hivyo, na mwenye maumivu ya kichwa pia. Mara nyingine alama zenyewe husema jambo ambalo hakuna aliyeliona. Huenda maumivu yote yameangukia siku za kabla ya hedhi, au pumu imezidi wiki ile mliyokuwa mkichoma takataka.

Najua kuna atakayesema kwamba simu inafanya haya yote, na kalenda ni mambo ya wazee. Simu ni nzuri, na hapa kwetu imepimwa. Mwaka 2010 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa katika kliniki za Nairobi na Kajiado kwa wagonjwa 538 waliokuwa wakianza dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi. Karibu nusu yao walitumiwa ujumbe mfupi mara moja kwa wiki, wenye neno moja tu: "Mambo?" Walitakiwa wajibu "Sawa" au "Shida". Miongoni mwao, asilimia 62 waliripoti kumeza dawa ipasavyo, na miongoni mwa wasiotumiwa ujumbe walikuwa asilimia 50. Utafiti mwingine wa magharibi mwa Kenya, uliochapishwa 2011, ulilinganisha ujumbe wa kila wiki na ule wa kila siku. Waliokumbushwa kila wiki walifaidika. Waliokumbushwa kila siku hawakuwa na nafuu kuliko wale ambao hawakukumbushwa kabisa.

Kwa maoni yangu, hilo la pili ndilo linalotufaa hapa. Mtu akipigiwa kengele kila siku huacha kuisikia. Kwa hivyo usiijaze kalenda. Siku za maziwa, za chama, za kuosha nguo na za mpira zikiandikwa zote kwa kalamu moja, tarehe ya chanjo itazama humo. Tumia rangi moja, nyekundu kwa mfano, kwa mambo ya afya peke yake. Simu pia huzima betri, huibiwa, na ni ya mtu mmoja. Kalenda huonwa na kila anayepita kuelekea jikoni, na nyanya asiye na simu ya kisasa aweza kuuliza, "Kesho si ndiyo siku ya mtoto?"

Lakini hapo hapo pana hatari yake. Ukutani si mahali pa siri. Si kila mgonjwa anataka wageni na majirani wajue kwamba anachukua ARV, na wako wanawake ambao maisha nyumbani yangekuwa magumu ikijulikana siku ya sindano yao ya kupanga uzazi. Usiandike jina la dawa wala la kliniki. Nukta ya rangi inatosha, au neno unalolijua wewe peke yako. Mmoja anaweza kuandika "mbegu", mwingine "cherehani". Kwa sindano ya miezi 3, hesabu wiki 13 kushuka chini kutoka siku uliyodungwa. Kulingana na maagizo ya WHO, ukichelewa kwa hadi wiki 4 bado unaweza kudungwa, lakini usiifanye ruhusa hiyo kuwa mazoea. Na kama hata nukta ni hatari kwako, acha ukuta na uombe kliniki ikuwekee kumbukumbu.

Kuhusu kalenda yenyewe, chagua yenye visanduku vikubwa. Zile ambazo uso wa mheshimiwa umechukua robo tatu ya karatasi na miezi 12 imebanwa chini kama sisimizi hazifai kazi hii. Zinafaa kuwekwa vitabu vya watoto majalada. Ukikosa nzuri, chukua rula na karatasi ya manila umchoree mtoto mistari, yeye aandike nambari. Iangike mbali na moshi wa jiko na mvuke wa sufuria, kwa kimo ambacho kila mtu anaweza kuandika, na ufunge kalamu kwa uzi hapo hapo. Kalamu isiyofungwa itakwenda shuleni.

Tia alama pia sikukuu za kitaifa, kwa maana kliniki nyingi za wagonjwa wa nje hufungwa. Ukiona tarehe yako imeangukia 1 Juni au 20 Oktoba, uliza mapema utaonwa lini. Andika siku shule zinapofunguliwa, ili nauli ya kwenda hospitali isigongane na karo. Na ikiwa huna ajira ya mshahara na unalipa mchango wa mwaka wa SHA, iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024, andika siku mchango huo unapofika mwisho. Si vizuri kuijua siku hiyo ukiwa kwenye dirisha la hospitali.

Mwezi wa Desemba, kalenda mpya zinapokuja, keti na zote mbili mezani. Yule mtoto wa Januari 2026 atatimiza miezi 18 tarehe 6 Julai 2027, siku ambayo kalenda ya kwanza haikuwa nayo. Ihamishe. Hamisha pia pakiti ya dawa iliyofunguliwa Desemba, wiki za mja mzito, na tarehe ya kurudi ya kila mtu nyumbani. Ile ya zamani ikunje uiweke pamoja na kadi za kliniki, vipimo vyote vikiwa ndani yake, na siku utakayokutana na daktari mgeni uende nayo.